Vitabu vinne vya picha, elfu kumi na tisa, na kiganja cha mkono

Kibanda changu cha kushonea kipo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Binti yangu mdogo akitoka shule hukaa chini ya meza ya kukatia, kwenye mkeka, katikati ya mabaki ya vitambaa, akisubiri nifunge twende nyumbani. Ana miaka sita, darasa la kwanza ameanza Januari. Mwezi wa tano mwalimu wake alipokuja kuchukua gauni aliniambia jambo lililoninyima usingizi. Mtoto anasoma ukurasa mzima wa kitabu cha darasani bila kukosea, kidole kinatembea chini ya mistari vizuri kabisa, lakini neno lile lile likiandikwa ubaoni peke yake halitambui. Ameukariri ukurasa. Anatazama picha, anaukumbuka wimbo wake, anauimba.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kule Kyela nilikosoma, kitabu kimoja tulikitazama watoto watano, na aliyekaa upande wa pili alikiona juu chini. Nilifika darasa la tatu nikiimba. Kwa hiyo nilitoa elfu ishirini kwenye pesa ya nyuzi, na Jumamosi nikamshika mtoto mkono tukaenda Kabwe, kwenye duka moja la vitabu ambalo wateja wangu walimu hulisifia.

Duka lenyewe ni dogo, upana wake mlango na nusu. Mbele kuna madaftari, kalamu na rula; katikati vitabu vya maswali ya mitihani; vya watoto viko nyuma, rafu ya chini kabisa. Nilidhani vimewekwa huko kwa kudharauliwa. Nilipomwamkia mzee mwenye duka, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba mama," kisha akainama akamuuliza mtoto, "Wewe ndiye msomaji?" Akamvutia kreti la soda, akamkalisha mbele ya rafu ile, na hapo nikaelewa kwa nini iko chini. Mtoto anafikia mwenyewe. Maduka mengine niliyopita vitabu vya picha vimefungwa kwenye nailoni, ukigusa unaambiwa nunua kwanza. Huyu mzee aliniachia nifungue vyote, ninuse gundi, nivute kurasa, nigeuze geuze mpaka niridhike. Tulikaa karibu saa nzima na hakuna aliyetufukuza kwa macho.

Tulitoka na vitabu vinne, jumla elfu kumi na tisa. Majina ya vitabu na ya waliovichapisha nayaacha, kwa sababu duka dogo kama hili mwezi ujao litakuwa na vingine. Nitasema nilichokiona, ili na wewe ukienda ujue cha kukishika na cha kukirudisha rafuni.

Cha kwanza ni cha herufi, 3,500. Herufi moja kila ukurasa, kubwa kama kiganja, chini yake picha na neno. Nilikichagua mimi mwenyewe nikiamini ndiko pa kuanzia, na ndicho kilichonifundisha kwamba picha inaweza kumpotosha mtoto. Ukurasa wa A una chupa ya kioo yenye kitu cha rangi ya dhahabu. Mtoto aliitazama, akatamka kwa uhakika wote: "Mafuta." Neno lililoandikwa ni "asali". Sasa nyumbani kwetu chupa yenye kitu cha dhahabu ni mafuta ya alizeti, na asali anaijua iliyo kwenye sega, mjomba wake akiileta. Mchoraji angeweka sega na nyuki wawili pembeni, neno lingetoka lenyewe. Alichora chombo badala ya kuchora kitu.

Herufi O wameipatia. Kiswahili hakina majina mengi ya vitu yanayoanza na O ambayo mtoto mdogo anayajua, na vitabu vingi hapo hubabaika. Hawa wakachora mtoto kwenye beseni, povu kichwani, macho ameyafumba kwa nguvu, wakaandika "oga". Binti yangu alilisoma mara moja, akafumba macho na yeye.

Kisha nikafika kwenye kosa ambalo siwezi kulisamehe kwenye kitabu cha mtoto. Picha ya ng'ombe, nzuri, ng'ombe mweupe mwenye madoa, na chini yake wameandika "ngombe", bila ritifaa, ile alama ndogo ya juu baada ya ng. Mtu mzima anapita tu, macho yake yanajaza pengo. Lakini mtoto wa darasa la kwanza ndio kwanza anaambiwa kwamba Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwamba irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kwamba ukishajua "ba be bi bo bu" umejua. Hiyo ndiyo zawadi ya lugha yetu kwa anayeanza kusoma. Sasa unampa "ngombe", anaisoma ng kama ya "ngoma", anaangalia picha, haviendani, na anayejiona mjinga ni yeye. Nilichukua kalamu nyeusi nikaiweka ritifaa kwa mkono wangu. Kama una kitabu cha namna hiyo nyumbani, fanya hivyo leo, usisubiri toleo jipya.

Angalia pia umbo la herufi zenyewe. Mtoto shuleni anafundishwa kuandika "a" ya mviringo na kijiti pembeni. Vitabu vingi huchapa ile "a" nyingine yenye kofia juu, ya magazeti. Kwetu sisi ni ile ile; kwa mtoto wa miezi mitano shuleni ni herufi mbili. Kati ya vinne nilivyonunua, viwili vimetumia "a" ya darasani, na hivyo ndivyo alivyovikimbilia kuvisoma mwenyewe.

Nije kwenye kitabu kilichonifanya niandike haya yote. Bei 6,000, kurasa 24. Ni hadithi ya msichana anayetafuta sweta lake asubuhi ya baridi. Maneno ni machache mno, mstari mmoja au miwili kwa ukurasa: "Sweta liko wapi? Chini ya kitanda halipo. Nyuma ya mlango halipo." Ukiyasoma bila picha utasema hakuna hadithi hapa. Lakini tangu ukurasa wa pili, pembeni kabisa, kuna kuku. Maneno hayamtaji hata mara moja. Ukurasa wa nne kuku ana uzi wa kijani mdomoni. Ukurasa wa tisa anaonekana mkia tu, anaingia nyuma ya gunia la mahindi. Msichana anaangaza kila mahali, bibi yake anaangaza, na kuku yule hakuna anayemtazama.

Siku ya kwanza binti yangu hakumwona. Siku ya pili hakumwona. Siku ya tatu nilikuwa nashona kola ya shati la sare, nikasikia chini ya meza kimya, kisha kelele: "Mama! Ni kuku! Ni kuku amelichukua!" Akatoka na kitabu kifuani, akanionyesha kurasa zote kuanzia mwanzo, akiwa sasa anajua kitu ambacho msichana wa kwenye kitabu hakijui. Na hapo ndipo alipoanza kusoma. Alitaka kuhakikisha kama maneno na yenyewe yanajua. Alipita neno kwa neno akitafuta "kuku", akakosa, akarudia, akiunganisha silabi kwa sauti, se-we-ta, akajisahihisha, swe-ta. Mpaka ukurasa wa mwisho, sweta limekutwa kwenye kikapu, vifaranga ndani yake, na neno lenyewe likatokea kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima: "Kumbe kuku!" Alilisoma bila kusaidiwa. Nilizima cherehani.

Kwa hiyo sasa nikifungua kitabu cha picha dukani huwa naziba picha kwa kiganja nisome maneno, kisha naziba maneno nitazame picha. Vyote viwili vikinieleza jambo moja tu lile lile, mtoto hana kazi ya kufanya, atakariri. Picha ikiwa na siri yake, na maneno yakiwa na yao, mtoto atalazimika kwenda huku na kurudi, na katika kwenda na kurudi huko ndiko anakosoma. Nyumbani pia kiganja kinafaa: zibeni picha baada ya siku chache mwone kama neno linasomwa au linaimbwa. Ila msifanye kama mtihani. Mimi nilifanya hivyo siku moja nikiwa nimechoka, mtoto akafunga kitabu, akakaa siku mbili bila kukigusa.

Kitu kingine kwenye kitabu hicho, mnisamehe mimi ni fundi. Sweta limechorwa na mtu anayejua sweta. Mikono ina ubavu, ile mistari inayovutika, pale kwenye kifundo, kiwiko kimewekwa kiraka cha rangi tofauti, na kiraka kimeshonwa kwa mishono inayoonekana. Bibi amejifunga kitenge juu ya koti, amevaa mabuti ya mpira. Nje kuna ukungu mpaka kwenye migomba, na ndani jiko la mkaa. Mtoto wangu aliuliza, "Hapa ni kwa bibi Tukuyu?" Vitabu vingi vya watoto wetu vina jua kali na kaptura kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, wakati mtoto wa Mbeya mwezi wa sita anakwenda shule amevaa sweta mbili na anatoa moshi mdomoni. Kuuona ukungu wake kitabuni kulimtuliza kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Sisemi vitabu vyote viwe vya milimani. Cha tatu, 5,000, ni cha baharini: mvuvi, ngalawa, mawimbi, picha za rangi za maji zinazotiririka mpaka ukingoni mwa ukurasa. Binti yangu hajaiona bahari, na picha hizi zilimpa. Ila maneno ni mengi, mistari minane au tisa kila ukurasa, herufi ndogo. Huyu wa darasa la kwanza hakiwezi. Nimekifanya cha usiku, namsomea mimi naye anatazama. Kwa kazi hiyo ni kizuri sana.

Cha nne sitakizungumzia kwa urefu. Kilikuwa 4,500. Maneno yanasema mbuzi watatu, kwenye picha wako wanne. Mtoto akahesabu mara mbili, akaniangalia, akakiweka chini. Kurasa mbili mbele, shati la mvulana lilikuwa jekundu nyumbani na la bluu njiani. Aliyechora na aliyeandika hawakukaa meza moja. Nilikirudisha Jumatatu, na mzee wa duka, Mungu ambariki, alikipokea bila maneno akanipa kingine cha bei ile ile, cha kuhesabu matunda, ambacho ni cha kawaida lakini maparachichi saba ni maparachichi saba.

Niseme kuhusu utengenezaji, maana hapa naona vitu ambavyo wanunuzi wengine hawavitazami. Picha za rangi huchapwa kwa rangi nne zinazowekwa moja juu ya nyingine: samawati, pinki iliyokolea, njano na nyeusi. Zikikaa sawasawa unapata picha safi. Zikisogea hata kidogo, kila kitu kinakuwa na kivuli pembeni, kama kitenge cha bei ya chini ambacho ua limetoka nje ya mstari wake. Kitabu cha herufi kilikuwa hivyo kurasa tatu, nyuso za watoto zina midomo miwili. Angalia nyuso na macho kwanza, hapo ndipo usogeaji unaonekana. Usikubali nakala ya namna hiyo wakati kuna nyingine chini yake rafuni. Mara nyingi ni karatasi chache tu za mwanzo wa kuchapa zilizoharibika.

Kisha fungua katikati kabisa. Vitabu hivi vyembamba hufungwa kwa pini mbili za chuma, na kwa unyevu wa huku kwetu pini zinashika kutu msimu mmoja wa mvua, kutu inakula karatasi, ukurasa wa katikati unatoka. Nimeanza kuzitoa siku ile ile nikinunua. Nanyanyua miguu ya pini kwa ncha ya mkasi mdogo, nazivuta, nafungua matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano: moja katikati, moja juu, moja chini. Uzi wa nailoni, ule wa kushonea mabegi. Ingiza kutokea ndani tundu la kati, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka moja kwa moja hadi la chini utoke nje, rudi ndani kwa lile la kati, ufunge fundo juu ya uzi mrefu ulioulaza ndani. Dakika tano. Tafadhali msikipitishe kwenye cherehani. Nilimwona mwenzangu akijaribu: mishono midogo midogo inatoboa karatasi kwa mstari, na baada ya wiki kitabu kinachanika pale pale kama kuponi. Juu nimevifunika kwa kaki, ile karatasi ngumu ya rangi ya udongo, ya aina wanayotengeneza kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi kwa miti ya paini. Nikawaza siku hiyo, miti ya karatasi inasimama mlangoni mwetu, msitu wa Sao Hill umejaa paini, na kitabu cha picha bado ni kitu cha kuagiza na kusubiri.

Nilimuuliza mzee kwa nini rafu ni moja tu. Akanikalisha na mimi kwenye kreti. Alisema kitabu cha mitihani kinaisha kwa wiki, cha picha kinaweza kukaa mwaka, na hela yake imelala humo. Akanisimulia habari ya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, jinsi ulivyokuwa unamwahidi mchapishaji kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shule za msingi, ili yeye asiogope hasara ya kuchapa. Nililielewa hilo haraka kuliko alivyotarajia. Shule ikiniletea advansi ya sare hamsini, nanunua jora zima bila wasiwasi. Bila advansi nanunua mita kumi na kuomba Mungu. Kisha akanionyesha migongo ya vitabu: hawa ni wachapishaji Mkuki na Nyota, ya mzee Walter Bgoya, hawa ni E&D, na herufi hizo E na D ni Elieshi na Demere, Elieshi Lema na Demere Kitunga, wanawake wawili walioianzisha kampuni wakaipa herufi za majina yao. Nilimwonyesha binti yangu: ona, E, ona, D. Alizitafuta herufi hizo kwenye kila mgongo wa kitabu mpaka tulipoondoka.

Duka hilo lina kasoro zake. Mwanga nyuma ni hafifu, inabidi utoke na kitabu mlangoni ili uone rangi. Bei hazijaandikwa, lazima uulize kimoja kimoja, na mtu mwenye aibu ataondoka bila kuuliza. Jumapili hafungui. Lakini mtu anayemkalisha mtoto wa miaka sita mbele ya vitabu na kumwita msomaji, mimi nitarudi kwake.

Na nimeshafanya mpango. Kitabu cha sweta kilibaki nakala mbili tu, na mzee alisita kuagiza vingine. Nilikipeleka kibandani, mwenzangu wa upande wa kulia akakifungua akiwa anakula, akamaliza kula amekishika. Ana mapacha darasa la pili. Mama wa mbogamboga akataka cha mjukuu wake. Jumatano tulichanga elfu thelathini, vitabu vitano, nikaenda Kabwe nikamkabidhi mzee mkononi. Aliandika kwenye daftari lake la madeni, ukurasa wa nyuma: "Sweta, nakala 5, zimelipwa." Binti yangu alikuwa pembeni yangu. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, hakuna picha yoyote pale, akalisoma.